Dini Niliyomwandikia Rafiki Yangu

Nilikuwa katibu wa nzengo kwa miaka kumi na tisa. Nzengo ni sisi majirani wote wa kitongoji, tunaokutana kwa ajili ya misiba, wizi wa ng'ombe, moto na mambo mengine ambayo kaya moja haiyawezi. Kitongoji chetu ni mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Bariadi mjini. Walinichagua kwa sababu nilimaliza kidato cha nne, na waliofika huko katika rika letu tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alihamia Mwanza. Hati yangu ni nzuri mpaka leo. Watu walipenda kuchungulia daftari langu hata wasiojua kusoma, na mimi nilipenda wachungulie.

Rafiki yangu tuliyelingana naye umri aliishia darasa la saba. Alikwenda Maswa akiwa kijana, akaajiriwa kwenye kinu cha kuchambua pamba, akawa fundi wa mashine hadi alipostaafu na kurudi kulima. Kaya yake na yangu zinatenganishwa na ua wa minyaa. Alirudi na baiskeli mbili, sanduku la spana, mke wake, na hakuwa na Mungu. Hakuwa na hasira juu ya jambo hilo, wala hakutafuta mtu wa kumfuata. Nilipomuuliza ilikuwaje, alisema aliugua malaria wiki tatu, na alipopona akagundua kwamba muda wote ule hakusali hata mara moja, wala hakukumbuka kusali.

"Nikasema ngoja nione imani itarudi lini," aliniambia. "Nikaona kimya. Basi nikaendelea na kazi."

Mkewe alikuwa Mkatoliki na alibaki Mkatoliki. Jumapili alimpakia kwenye baiskeli, akamshusha mlangoni pa kigango, kisha akaenda kukaa kwa fundi wa baiskeli mpaka ibada iishe. Miaka ilivyokwenda miguu ya yule mama ilianza kuvimba, na rafiki yangu hakuwa tena na nguvu za kumpakia. Mama akawa anakwenda mara chache. Watu wakasema mume amemkataza. Mimi nilijua si kweli, nikaacha waseme.

Mimi ni mzee wa kanisa, upande wa Waprotestanti. Kwa miaka mingi tulibishana, mimi na yeye, hasa msimu wa kuuza pamba, tulipokaa siku nzima juu ya mafurushi yetu ghalani tukisubiri kupimiwa. Watu walikuwa wakisogea kutusikiliza. Mimi nilitumia maneno makubwa, yeye alitumia maneno ya shambani, na mara nyingi waliocheka walikuwa upande wake. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyokubali. Mtu wa darasa la saba alikuwa ananishinda mbele ya watu, tena bila kupandisha sauti.

Ndipo nikapata hoja ambayo niliiona haina jibu. Nilimwambia kwamba kutoamini nako ni dini. Kuna unachokishika, nikasema, na huwezi kukithibitisha, kama mimi nisivyoweza kukithibitisha changu. Unakitetea. Ukiguswa unaumia. Sasa tofauti yako na mimi ni nini, isipokuwa mimi nina kanisa na wewe kanisa lako lina mtu mmoja?

Aliipiga kofia yake gotini kutoa vumbi.

"Mwaka huu shamba la bondeni sikulipanda pamba," alisema. "Njoo na mzani wako, katibu, uipime ile niliyoacha kupanda."

Ghala zima lilicheka. Hata mpimaji aliacha mzani akainama. Mimi nilicheka pia, lakini sikusahau.

Mwaka uliofuata kulitokea fujo kwenye mazishi ya mzee mmoja ambaye wanawe walikuwa wamegawanyika, wengine Wakatoliki na wengine wa kanisa letu. Viongozi wawili walisimama kaburini kila mmoja na kitabu chake wazi, na jeneza likakaa juani huku watu wanasukumana. Nzengo ikakutana. Tukakubaliana kila kaya iandikwe dini yake katika daftari, ili siku ya msiba ijulikane nani ataongoza ibada. Hadi hapo lilikuwa jambo jema.

Mimi ndiye niliyeongeza la pili. Nilisimama nikapendekeza kwamba watu wa dini husika ndio wachimbe kaburi pia, na mkubwa wao ndiye alete taarifa kwa katibu, ili pasiwe na watu wanaokwepa. Wakatoliki walikuwa wengi, sisi tulikuwa wengi, Waislamu walikuwa kaya sita zenye vijana. Wachache wa jadi walikuwa na ukoo mkubwa. Hakuna aliyeona ubaya. Katika kitongoji kizima kulikuwa na kaya moja tu ambayo pendekezo hilo lingeiacha peke yake, na wakati ninalisema nilikuwa ninamtazama mwenye kaya hiyo.

Nilipofika kwake kwenye orodha, alisema niandike hana.

Nikasema hakuna mtu asiye na dini, tulishalimaliza hilo ghalani. Nikaandika mbele ya wote, kwa herufi kubwa, nikasoma kwa sauti: "Dini: Ya Kutoamini. Mkubwa wa dini: yeye mwenyewe." Safari hii kicheko kilikuwa upande wangu. Kijana mmoja aliuliza kama sadaka atajitolea na kujipokelea mwenyewe. Rafiki yangu alitabasamu, akanyanyua mikono kama mtu aliyekubali kushindwa mchezo wa bao. Nadhani aliamini kwamba ni mzaha, na kwamba mzaha utaishia pale. Katika maisha yetu hapajawahi kutokea mtu wa kwetu akakosa wa kumchimbia.

Sasa ninafika kwenye lile nililolificha.

Mwezi wa saba, wakati wa mavuno, nilikuwa uani nikitenga pamba safi na fifi, ile chafu ya daraja la pili, ndipo mke wa rafiki yangu alipokuja. Kutoka kwenye ua wa minyaa hadi mlangoni kwangu si hatua mia, lakini alisimama kupumzika mara mbili. Nilimwona. Miguu yake ilikuwa imejaa hadi kwenye vifundo, na alivaa malapa ya mumewe kwa sababu yake hayakumtosha tena. Nilimpa kigoda. Tulisalimiana kwa Kisukuma, akauliza habari za watoto, kisha akasema amekuja kwa ajili ya daftari.

"Shemeji, mimi niandike peke yangu," alisema. "Niandike Mkatoliki. Mume wangu mwache alivyo."

Ningeweza kuingia ndani, kuchukua kalamu na kuandika mstari mmoja. Ingenichukua muda mfupi kuliko ule niliotumia kukataa. Nilimwambia kaya ni moja na mkuu wake ni mmoja, na kwamba nikianza kumwandika kila mtu kwa matakwa yake daftari litavurugika. Kama kuna badiliko, mume aje mwenyewe aseme.

Sababu halisi ni kwamba nilitaka aje. Nilitaka akae kwenye kigoda kile kile na kuniomba, yeye ambaye hakuomba kwa mtu wala kwa Mungu.

"Akija mtabishana," alisema yule mama. "Mkianza kubishana, mimi nitasahaulika."

Nikamwambia ndiyo utaratibu. Aliomba maji. Nikamwita mke wangu alete kikombe. Alikunywa akashukuru, wabeja, akanyanyuka kwa kushika ukuta. Nikarudi kwenye pamba yangu.

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza, alfajiri, siku ambayo watu wote walikuwa wamekwenda na plau mashambani. Rafiki yangu alikuja kwangu jua likiwa limeshatoka. Alinisalimia kama kawaida, mwangaluka, nami nikaitikia. Alikaa, akaniambia mkewe amefariki. Nilimpa pole. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Waite Wakatoliki wenzake waje wachimbe. Na katekista wake aambiwe."

Akadhani sikusikia, akarudia.

Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuchukua filimbi ya kuwaita nzengo na kuipuliza. Filimbi ilikuwa imening'inia msumarini nyuma yangu. Badala yake niliingia ndani nikatoka na daftari, nikalifungua mbele yake, nikamwonyesha kwa kidole ilipoandikwa kaya yake. Alitoa miwani mfukoni. Alisoma taratibu, akapitisha kidole chini ya kila neno, akafika mwisho, akaanza tena.

"Aliniambia umeshamwandika," alisema.

Nilirudisha kidole kwenye mstari ule ule.

"Mimi ndiye niliyemtuma. Alirudi akasema umekubali." Akavua miwani. "Alikuja au hakuja?"

"Alikuja," nikasema.

Hapo nilielewa kwamba yule mama, aliporudi kwake kwa miguu ile iliyovimba, aliamua kumdanganya mumewe ili sisi wawili tusigombane. Nadhani rafiki yangu naye alielewa wakati ule ule, kwa sababu aliutazama ua wa minyaa kwa muda, kisha akaniuliza, bila ukali, sasa inakuwaje.

Nikamwambia ngoja nimtafute mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amekwenda Lamadi kununua dagaa, na simu yake haikupatikana.

"Basi," alisema akinyanyuka, "waumini wa dini yangu wataanza kuchimba."

Alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili. Mwanawe wa kiume yuko Dar es Salaam. Binti ameolewa Mwanhuzi na alikuwa bado njiani. Huku kwetu udongo ni wa mbuga, mweusi, na mvua ya kwanza ikishanyesha unashika jembe kama gundi. Nilikaa nikibonyeza simu, na kupitia minyaa nilisikia sururu ikipiga, ikinyamaza, ikipiga tena. Wanaume waliopita na ng'ombe wao walisimama kuniuliza kama wanaitwa. Niliwaambia wasubiri utaratibu. Wakasubiri, kwa sababu walizoea kunisikiliza. Sitaki kuwalaumu kwa hilo. Wao walimwamini katibu wao.

Mke wangu alitoka jikoni, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akapita mbele yangu bila kusema neno. Nilidhani anakwenda shambani. Alipofika kwenye ua alipinda kushoto.

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Sijawahi kusikia mtu akilikataza. Halikuwahi kuhitaji kukatazwa. Mke wangu alishuka ndani ya lile shimo ambalo lilikuwa bado halijafika magotini, akamwambia rafiki yangu atoke apumzike. Alikataa. Basi akaanza kuchimba upande wa pili. Baada yake alikwenda mama mmoja Mkatoliki, akafuata mama Mwislamu jirani yetu, kisha wengine wawili walioacha kupanda, matope yakiwa miguuni. Wanaume walipoona wake zao wamo kaburini, hawakuniuliza tena. Walifungua ng'ombe kwenye plau wakaenda, na wanawake wakatoka wakawaachia. Kabla ya saa saba kaburi lilikuwa tayari.

Mimi nilikwenda mwisho, nimeshika chepe. Rafiki yangu alikuwa amekaa juu ya kifusi, matope hadi mapajani. Nilipotaka kushuka alinizuia kwa kiganja.

"Wewe kaa, katibu. Kazi yako ni kuandika."

Hakuna aliyecheka. Nikasimama pale na chepe safi mkononi, mchana ule wote, watu wakinipita.

Tulizika saa kumi, binti alipofika. Katekista alikuwa amelazwa Bariadi, na mwili haukuweza kusubiri. Watu walitazamana nani aongoze. Rafiki yangu akatoa kitabu cha sala cha mkewe kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Kulikuwa na uzi mwekundu kwenye ukurasa. Mkewe alikuwa amemwonyesha mahali. Akavaa miwani akasoma. Alisoma kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya kunyunyizia pamba, polepole, bila kuruka kitu, bila kuongeza sauti ya kanisani. Alipofika mahali pa kuitikia alinyamaza, akawatazama akina mama. Wao wakaitikia. Alisubiri wamalize kabisa, ndipo akaendelea. Hakusema amina. Lakini hakuna sala iliyobaki bila kusomwa.

Watu walipokuwa wanaanza kutawanyika, bibi mmoja Mkatoliki, mkubwa kuliko sisi sote, aliuliza kwa sauti kwa nini mwenzao hakuwa ameandikwa kwao katika daftari la nzengo. Wote wakanigeukia. Rafiki yangu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anakirudisha kitabu kwenye mfuko.

"Hakuwahi kuja kuniambia," nikasema.

Mikono ya rafiki yangu ilisimama. Alinitazama, si kwa muda mrefu. Angeweza kusema neno moja tu, na pale pale, juu ya kaburi lile, ningekuwa nimekwisha. Akamalizia kuufunga mfuko, akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Kwa hiyo nilimkatalia yule mama akiwa hai, na alipokufa nikamsingizia.

Wiki ile ile nilikwenda kwa mchungaji wetu nikaungama. Alinisikiliza vizuri, tukapiga magoti, akaniombea, akanishika mkono. Nilitoka mwepesi. Wepesi ule ulidumu mpaka nilipofika nyumbani nikamwona rafiki yangu upande wa pili wa minyaa, anajaribu kuchota maji huku ameshika kiuno. Hapo ndipo lile swali langu la ghalani, kama kutoamini nako ni dini, liliponirudia, na sikulipenda tena.

Nimelifikiria sana. Wapo watu wenye elimu kubwa kuliko yangu wanaolijadili, na pengine wana sababu za kusema ndiyo na sababu za kusema hapana. Mimi nasema kwa nilichokiona. Nilipofanya kosa nilikuwa na mahali pa kulipeleka: nyumba, mtu wa kunisikiliza, maneno yaliyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya watu kama mimi, na baada yake watu wa kuniita ndugu. Yeye alipofiwa hakuwa na kimojawapo. Alikuwa na sururu. Dini, kwa jinsi tunavyoishi huku, ni pamoja na watu watakaokuja. Nilipomwandikia dini mtu asiye nayo sikuwa nampa heshima ya kulingana na sisi, ingawa nilijifanya hivyo. Nilikuwa namwandikia watu ambao nilijua hawapo, ili wale waliokuwepo wapate ruhusa ya kutokwenda. Hoja ilikuwa ya kijanja, na nadhani hata leo ningeweza kuitetea mbele ya watu kwa saa nzima. Aibu yangu ni kwamba nilijua itafanya kazi gani kabla sijaiandika.

Ulipita mwaka mzima. Tulisalimiana, mimi na yeye, asubuhi na jioni, mhola, mhola duhu, kama watu waliokodishwa kusalimiana. Mwishowe nilimfuata shambani kwake, alikuwa akipalilia choroko. Nikamwambia nataka kusema ukweli mbele ya nzengo, na kwamba naomba anisamehe.

Hakuacha kupalilia. Alimaliza mstari, akageuka.

"La nzengo, kaseme," alisema. "La kusamehe usiniwekee mimi. Si mimi niliyekuja kwako nikaketi kwenye kigoda. Wewe unasema yuko mahali, basi mwombe huko huko. Kwangu mimi hayupo, na sina pa kukupeleka."

Nikamuuliza kwa nini siku ile kaburini alininyamazia.

"Alikuwa amedanganya ili tusigombane," alisema. "Ningegombana nawe juu ya kaburi lake?"

Akarudi kwenye choroko.

Nzengo ilikutana Jumamosi iliyofuata. Niliomba nafasi kabla ya ajenda, nikasimama nikasema yote: kwamba yule mama alikuja, aliniomba nini, nilimjibu nini, na nililosema kaburini. Nikasema kile kifungu cha kuchimba kilikuwa changu na nilikitunga nikimlenga mtu mmoja. Nikaweka daftari na filimbi mezani. Nilikuwa nimejiandaa kuzomewa. Hawakunizomea. Bibi yule Mkatoliki alitazama chini. Mwenyekiti alisema kifungu hicho kifutwe, wachimbaji wawe wote kama zamani, na mikono ikanyooshwa. Akachaguliwa katibu mwingine, binti wa jirani aliyemaliza kidato cha sita. Kisha wakaingia kwenye suala la ng'ombe wanaolishwa mashambani. Rafiki yangu alikuwepo, nyuma, na alichangia kuhusu ng'ombe.

Wakati wa kurudi mke wangu alitembea mbele yangu, kama hatua kumi. Tulipokaribia nyumbani alisimama akanisubiri.

"Siku ile mimi ndiye niliyemletea maji," alisema. "Nilikuwa jikoni. Nilisikia kila kitu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema kwa mwaka mzima.

"Nilikuwa nataka kujua nimeolewa na nani," alisema. "Mwaka ni mrefu, baba."

Akaingia ndani kuwasha moto. Mimi nilibaki uani, na sikuwa na mtu mwingine wa kumweleza.